Meli Yenye Mlango Mbele

Bibi mmoja wa darasa letu la kisomo hapa Mkomaindo alituuliza swali. Marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili, vita ya mwaka 1939 hadi 1945. Aliporudi kijijini alisimulia kwamba aliona meli iliyopanda mchangani, ikafungua mlango mbele, na vifaru vikatoka tumboni mwake kama ng'ombe wanaotoka zizini. Watu walimcheka. Wakasema vita imemharibu kichwa. Bibi anataka kujua: baba yake alisema kweli, au alitunga?

Ndugu msomaji, meli za namna hiyo zilikuwako. Kifaru ni gari la vita la chuma, zito sana. Meli ya kawaida hushusha mzigo mzito gatini. Lakini ukienda kupigana, gati analo adui, naye hawezi kukukaribisha. Mwaka 1940 Wajerumani waliwafukuza Waingereza kutoka Ufaransa, na Waingereza wakaacha huko vifaru na mizinga mingi. Wakajiuliza: tutarudije na vifaru mahali pasipo na gati?

Basi wakachukua meli tatu za mafuta zilizojengwa kwa ajili ya Ziwa Maracaibo, nchi ya Venezuela, Amerika ya Kusini. Penye mlango wa ziwa lile palikuwa na fungu la mchanga, kwa hiyo meli zake zilijengwa zisizame sana majini. Majina yao ni Misoa, Tasajera na Bachaquero. Sehemu ya mbele, yaani omo, ilibadilishwa, ukawekwa mlango na daraja la kukunja. Meli moja iliweza kubeba vifaru vizito 18.

Wavuvi wa Mikindani wataelewa upesi. Jahazi lenye mkuku mrefu hukwama mbali na pwani, lakini mtumbwi wa chini bapa husogea mpaka mchangani. Ndivyo ilivyo meli hii. Na aliyepanda pantoni ameona mlango ukilazwa chini na magari yakitoka. Tofauti ni kwamba pantoni haipigwi mizinga.

Sasa twende Bukini, ndiyo Madagaska, kisiwa kikubwa kilichoko kusini mashariki ya pwani yetu. Wakati ule kilitawaliwa na serikali ya Ufaransa ya mji wa Vichy, iliyokuwa imepatana na Wajerumani. Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakaichukua bandari ya Diego Suarez na kuziba njia ya meli ziendazo Misri na Bara Hindi. Tarehe 5 Mei, 1942, majeshi ya Uingereza yalishuka magharibi ya bandari hiyo, na Bachaquero ikiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza meli ya namna hii kutumika vitani. Kazi haikwenda laini. Ilihangaika kutafuta pwani ya kupandia, ikajaribu zaidi ya mara moja, mwishowe ikapata mahali ikashusha mzigo. Tarehe 7 Mei bandari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Na hofu ya Wajapani haikuwa ndoto: mwisho wa mwezi huohuo nyambizi yao ndogo iliingia bandarini humo, ikaiumiza manowari Ramillies na kuzamisha meli moja ya mafuta.

Keya hawakuwako siku ile ya Mei. Wao walishuka Majunga mwezi Septemba, 1942. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha Tanganyika, cha 1/6. Walikwenda kuelekea kusini, barabara imezibwa kwa miti na mawe, madaraja yamevunjwa, mpaka Wafaransa waliposalimu amri mwezi Novemba. Kilichompeleka kijana wa Tanganyika kupigana na Mfaransa huko Bukini, wakati nchi yake yenyewe inatawaliwa, wengi wao hawakuelezwa.

Mwezi huohuo wa Novemba, Bachaquero na wenzake wawili walikuwa Algeria, wakishusha vifaru karibu na Oran. Lakini zilikuwa meli za mwendo mdogo. Wamarekani wakajenga za kwao, urefu kama mita 100. Hizo zilikuwa na matangi ya maji: baharini hujazwa ili meli itulie, ikikaribia pwani maji hutolewa ili inyanyuke. Nanga huangushwa nyuma kabla ya kupanda mchangani, na wakati wa kuondoka meli hujivuta kwa waya wake. Zilijengwa 1,051, na nyingine zilifika Bahari ya Hindi, ambako Keya walipelekwa tena, safari hii Ceylon na Burma.

Kwa hiyo, bibi, baba yako aliweza kabisa kuiona. Moja yake, namba 325, bado inaelea huko Evansville, Marekani, na watu hulipa kiingilio kutazama ule mlango.