Kaunta Yenye Kona: Vigae Vianze Kupangwa Wapi?

Kaunta ya jiko iliyonyooka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine humsamehe fundi mambo mengi. Aanzie kushoto au kulia, amalizie na kigae kizima au nusu, kazi itapita. Kaunta yenye kona haina msamaha huo. Hapo safu zinazotoka pande mbili hukutana, na zisipokutana sawasawa kasoro haifichiki. Mistari ya grauti hukatika ghafla, vipande vyembamba hubandikwa kuziba pengo, na kigae kilichokatwa vibaya huanza kupasuka kwenye pembe yake kabla mwaka haujaisha.

Wengi huamini kwamba tatizo la kona ni tatizo la mkono: fundi hajui kukata, au grenda yake ni mbovu. Mara nyingi sivyo. Tatizo hutokea kabla kigae cha kwanza hakijakatwa, pale fundi anapoanzia upande wa friji au mlangoni kwa sababu huko ni rahisi kuweka kigae kizima. Anasonga mbele safu kwa safu, na anapofika kwenye kona anapambana na chochote kilichobaki. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio wote uanzie kwenye kona, kisha uelekee miisho. Mwisho wa kaunta ulioegemea ukuta unaweza kupokea kipande cha upana wowote wa maana, kwa kuwa hakuna safu nyingine inayotakiwa kulingana nacho. Kona haina uhuru huo.

Tuanze na kona iliyo rahisi zaidi, ile ya jiko lenye umbo la herufi L, ambako mikono miwili ya kaunta inakutana kwa pembe mraba. Kama kuta ni mraba kweli, huhitaji mkato wowote wa hanamu, kwani mistari ya mkono mmoja inaendelea moja kwa moja kwenye mkono wa pili. Unachohitaji ni kuamua mistari ya grauti ikatane wapi, na mahali bora ni kwenye ncha ya kona ya ndani, pale unaposimama ukiwa unapika. Mistari ikikatana hapo, vigae vyote vinavyoizunguka ncha hiyo vinabaki na pembe zake nne. Isipokatana hapo, kigae kimoja kitalazimika kukatwa pembe ili kikumbatie kona. Kigae chenye umbo hilo ni dhaifu, kwa sababu nguvu zote za sufuria zito au kinu kinachotwangiwa juu ya kaunta huishia kwenye pembe ile ya ndani, na ufa huanzia hapo. Kama mkato huo hauepukiki, fundi atoboe kwanza tundu la duara kwenye pembe ya ndani, ndipo akate kulifuata. Duara hugawa mkazo, ilhali pembe kali huukusanya mahali pamoja.

Lakini kuta za nyumba zetu ni mraba mara chache, hasa zikishapigwa plasta. Kipimo cha kujua ni kile cha tatu, nne, tano ambacho kila mwashi anakijua tangu kwenye msingi. Kutoka kwenye kona ya ukuta pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ukipata sentimita 100 kamili, kona ni mraba. Tuseme umepata 101.5. Tofauti hiyo ya sentimita moja na nusu inaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba pembe inakaribia nyuzi 92. Ukiendeleza mistari ya mkono wa kwanza kwenye mkono wa pili wenye urefu wa sentimita 240, mwisho wa safari itakuwa imeachana na ukingo wa kaunta kwa zaidi ya sentimita 7. Safu ya mbele itaanza na kigae cha upana mmoja na kumalizia na cha upana mwingine, tena pale pale macho yanapotua kwanza.

Dawa yake ni kuukubali ukweli wa ukuta na kuchagua mahali pa kuuweka. Vuta mstari kutoka ncha ya kona ya ndani hadi ukutani, na uufanye kuwa mpaka. Kila mkono wa kaunta upangwe kufuata ukingo wake wenyewe wa mbele, na hitilafu yote ibebwe na safu moja inayogusa mpaka huo. Katika mfano wetu, vigae vya safu hiyo vitatofautiana upana kwa karibu sentimita 2 kati ya mbele na ukutani. Kosa ambalo lingetembea mita mbili na zaidi sasa limefungiwa kwenye kina cha sentimita 60, na sehemu yake kubwa iko nyuma, ambako kwa kawaida hukaa kichanja cha vyombo au birika.

Kona ngumu zaidi ni ile iliyokatwa mshazari, inayopendwa siku hizi kwa sababu sinki au jiko la gesi hukaa vizuri pembeni. Hapa ukingo wa mbele unatoka mkono mmoja, unakunja nyuzi 45, unakwenda kipande kifupi, kisha unakunja tena kuingia mkono wa pili. Ukitaka vigae vifuate ukingo wa mbele kila mahali, safu lazima zibadili mwelekeo kwenye kila mkunjo, na mahali zinapobadilika panahitaji mpaka. Swali ni mpaka huo upite wapi.

Upo mstari mmoja tu unaofaa, nao ni ule unaougawa mkunjo nusu kwa nusu. Sababu yake inaeleweka bila hesabu kubwa. Kila nukta iliyo juu ya mstari huo iko umbali sawa kutoka kingo zote mbili za mbele. Kwa hiyo grauti iliyo sentimita 30 kutoka ukingo wa mkono wa kwanza itaufikia mpaka mahali pale pale inapoufikia grauti iliyo sentimita 30 kutoka ukingo wa kipande cha mshazari. Mistari hupinda lakini haikatiki, kama mistari ya kitambaa inavyokutana kwenye mshono wa gauni lililoshonwa na fundi makini. Mpaka ukisogezwa nyuzi chache tu upande wowote, mistari inapishana, na hakuna ustadi wa kukata utakaoirudisha pamoja.

Kuupata mstari huo hakuhitaji kifaa cha kupimia nyuzi. Pima sentimita 30 kuingia ndani kutoka kila ukingo wa mbele, na uchore mistari miwili iliyo sambamba na kingo hizo. Inapokatana, weka alama. Egesha ubao mnyoofu kati ya alama hiyo na ncha ya mkunjo, chora, na uendeleze mstari hadi ukutani. Njia hii inafanya kazi kwa pembe yoyote, iwe mkunjo wa nyuzi 45 kamili au ule uliopinda ovyo kwa sababu fomu za zege zilisogea siku ya kumwaga. Kwa mkunjo wa nyuzi 45, mpaka utakuwa umelala nyuzi 22 na nusu kutoka kwenye mraba. Kwenye kaunta ya kina cha sentimita 60 utakuwa na urefu wa karibu sentimita 65, na mkono wa kaunta utakuwa mrefu zaidi ukutani kuliko mbele kwa karibu sentimita 25. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Fundi aliyepima upande wa mbele peke yake atahesabu vigae pungufu.

Sasa tuchukue mkono mmoja na kuupanga kwa namba. Tuseme ukingo wa mbele una sentimita 215 kutoka kwenye mkunjo hadi ukuta wa mwisho, vigae ni 30 kwa 30, na nafasi ya grauti ni milimita 3. Kila kigae pamoja na grauti yake kinachukua sentimita 30.3. Vigae saba vinachukua 212.1, na kinachobaki ni sentimita 2.9. Utepe huo haufai popote. Ukiupeleka ukutani utavunjika wakati wa kukata, na ukiuacha kwenye kona utakuwa ndicho kitu cha kwanza kuonekana. Wapo wanaoumeza kwa kupanua grauti, lakini hapa kila nafasi ingelazimika kuzidi mara mbili, na grauti pana juu ya kaunta ni makazi ya unga na mafuta.

Badala yake, toa kigae kimoja kizima. Vigae sita na grauti zake zote, pamoja na zile mbili za pembeni, huchukua sentimita 182.1. Zinabaki 32.9, ambazo ukizigawa sawa unapata karibu sentimita 16.4 kila mwisho. Sasa una kipande kinachozidi nusu ya kigae kwenye kona na kingine ukutani. Angalia kinachotokea kwenye kona. Kigae cha safu ya mbele kina sentimita 16.4 kwenye ukingo, na kwa sababu mpaka umelala, kinapanuka hadi karibu 28.9 upande wake wa nyuma. Kipande kizima cha kigae kimoja kinatosha, na mbele kina upana wa kustahimili kugongwa. Kama fundi angeanza na kigae kizima kwenye mkunjo, kona ingebaki na pembetatu yenye ncha ya wembe inayoishia kwenye ukingo wa mbele, mahali ambapo kila sufuria hupita. Safu ya nyuma ndiyo itakayohitaji pembetatu ndogo ya kujazia, na huko haina madhara.

Mkono wa pili sasa hauna uhuru wa kuanza upendavyo. Ukiwa na urefu wa sentimita 148, nao uanze na kipande cha 16.4 kwenye mkunjo wake ili kona ionekane imelingana pande zote. Baada ya hapo vinaingia vigae vinne, na ukutani panabaki karibu sentimita 10, yaani theluthi ya kigae. Si kipande cha kupendeza sana, ila kinakubalika, na kitakuwa kwenye mwisho wa kaunta. Kama kingetoka chini ya theluthi, ungerudi kwenye karatasi na kubadili kipande cha kona kwenye mikono yote miwili hadi miisho yote miwili ikubali.

Zipo njia nyingine mbili, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni kuacha safu za mikono ziendelee hadi kona ya ukuta bila kugeuka, halafu kuzikata kwa mshazari kwenye ukingo wa mbele. Inafaa pale sinki linapochukua karibu kona yote, lakini huacha pembetatu ukingoni, na hizo ndizo hung'oka kwanza. Ya pili ni kuifanya kona kuwa eneo lake: vigae vidogo vya sentimita 10, au mozaiki, vikitengwa na vigae vikubwa kwa mkanda ulionyooka. Kwa kaunta ambayo zege lake limekwenda upande, hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu vigae vidogo hugawana kosa kidogo kidogo na hakuna anayetarajia mistari ya maeneo mawili tofauti ilingane.

Baada ya kona, yaliyobaki yafuate. Ukingo wa mbele upate vigae vizima na mikato yote iende ukutani, ambako kigae cha ukuta kitafunika pengo la milimita chache lililojazwa silikoni. Vipande vinavyoshuka kwenye uso wa mbele viwe na grauti inayolingana na ya juu. Sinki lipangwe kwa namna ambayo haliachi utepe mwembamba kati yake na ukingo. Kwa vifaa, vigae vya ukutani vinavyofyonza maji havifai kulazwa kaunta, na porseleni ni salama zaidi. Gundi ienee mgongo mzima wa kigae, kwa sababu kigae chenye uwazi chini yake hupasuka kwa uzito. Grauti ya epoksi ina bei, lakini haifyonzi mchuzi. Nunua asilimia 15 ya ziada badala ya 10 iliyozoeleka, kwani mikato ya hanamu hula vigae, na hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo na ya rangi.

Yote haya yathibitishwe kwa kupanga vigae vikavu, bila gundi, kuanzia kwenye mpaka wa kona kwenda nje, misalaba ya grauti ikiwa mahali pake. Hapo mwenye nyumba aitwe aone, na hasa yule atakayepika hapo kila siku. Kigae kilicholala kikavu husogezwa kwa kidole. Kikishashikwa na gundi, husogezwa kwa nyundo na patasi, na gharama yake humwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo unapompa fundi kazi ya kaunta yenye kona, usimuulize kwanza bei kwa mita ya mraba. Muulize ataanzia wapi. Akikujibu kwamba ataanzia kwenye kona, mwombe akuchoree mpaka na akuonyeshe upana wa vipande vya miisho. Fundi anayejua kazi atafurahi kuulizwa, na muda mtakaotumia kwenye mchoro ndio utakaoamua kona hiyo ikae vipi kwa miaka yote ambayo jiko litatumika.