Tom Izzo: Msaidizi aliyesubiri miaka 12 kukabidhiwa timu

MTANZANIA Hasheem Thabeet alipoishia nusu fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, Aprili 2009 mjini Detroit, timu yake ya Connecticut ilikuwa imefungwa pointi 82-73 na Michigan State.

Benchi la washindi liliongozwa na Tom Izzo, ambaye kabla ya kuwa kocha mkuu alikitumikia chuo hicho kama msaidizi kwa takriban miaka 12.

Safari yake inaeleza jambo ambalo viongozi wengi wa michezo hulisita: kumkabidhi timu mtu wa ndani asiye na jina, badala ya kutafuta kocha mashuhuri kutoka nje.

Izzo alizaliwa mwaka 1955 katika mji mdogo wa Iron Mountain, kaskazini mwa jimbo la Michigan. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Northern Michigan, akafundisha shule ya sekondari ya Ishpeming kuanzia mwaka 1977, kisha akarejea chuoni kwake mwaka 1979 kama msaidizi.

Mwaka 1983 alijiunga na Michigan State chini ya Jud Heathcote, kocha aliyekipa chuo hicho ubingwa wa taifa mwaka 1979 akiwa na nyota Magic Johnson. Nafasi aliyopewa Izzo ilikuwa ya msaidizi wa muda, ya chini kabisa katika benchi.

Hakupanda haraka. Mwaka 1986 aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Tulsa kuchukua kazi ya kudumu, lakini wiki chache baadaye msaidizi mmoja wa Heathcote alipopata timu yake mwenyewe, Izzo aliitwa arudi kuziba pengo hilo.

Kazi ya kocha msaidizi wa chuo si kukaa benchi tu. Ndiye hutazama mikanda ya video ya wapinzani usiku kucha, husimamia mazoezi ya mchezaji mmoja mmoja na, zaidi ya yote, husafiri kutafuta vipaji katika shule za sekondari.

Usajili huo ndio uhai wa timu ya chuo. Kwa kuwa mchezaji kwa kawaida hucheza misimu isiyozidi minne, kocha hulazimika kujenga kikosi upya kila wakati. Anayeaminiwa na wazazi na walimu wa vijana huwa na mtaji ambao hauonekani katika jedwali la matokeo.

Heathcote aliutambua mtaji huo. Alimpandisha Izzo hadi kuwa msaidizi wake mkuu mwaka 1990, akautetea msimamo wake mbele ya uongozi kwamba huyo ndiye anayefaa kumrithi. Alipostaafu mwaka 1995, ombi lake lilikubaliwa.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Msimu wa kwanza Michigan State ilishinda michezo 16 na kupoteza 16. Wa pili ilishinda 17 na kupoteza 12. Katika misimu yote miwili haikufuzu mashindano makuu ya taifa.

Hata hivyo, mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Kutoka Flint, mji wa viwanda vya magari ulioumizwa na kufungwa kwa viwanda hivyo, ulio takriban kilomita 80 kutoka chuoni, Izzo alikuwa amekusanya vijana kama Antonio Smith, Morris Peterson, Mateen Cleaves na Charlie Bell.

Aliwafundisha kupigania kila mpira unaogonga ringi na kurudi. Zoezi lake la kugombea mipira hiyo lilikuwa kali kiasi kwamba wakati mwingine wachezaji walivaa kofia ngumu na kinga za mabega za mpira wa Kimarekani.

Mwaka 1998 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya Big Ten kwa pamoja na Illinois, na mwaka 1999 ikaingia nusu fainali ya taifa. Aprili 2000 iliifunga Florida 89-76 mjini Indianapolis na kutwaa ubingwa, huku Cleaves akirejea uwanjani baada ya kuumia kifundo cha mguu.

Mafanikio hayo yalileta vishawishi. Timu za kulipwa za NBA zilimtaka, zikiwamo Atlanta Hawks mwaka 2000 na Cleveland Cavaliers mwaka 2010. Zote alizikataa.

Aidha, naye aliwafungulia wasaidizi wake njia. Tom Crean alikwenda kuiongoza Marquette mwaka 1999, na miaka minne baadaye akaifikisha nusu fainali ya taifa akiwa na Dwyane Wade.

Izzo aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu wa Naismith mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya Heathcote kufariki dunia.

Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 70, alipata ushindi wa 354 katika michezo ya Big Ten na kuipita rekodi ya Bob Knight. Ushindi wote huo aliupata akiwa na chuo kilekile kilichompokea kama msaidizi wa muda.