Kulenga na kuchagua: matumizi katika mafaili ya kompyuta

Katika maelezo ya kompyuta, kitenzi *kuchagua* huweza kubebeshwa maana mbili zinazofaa kutenganishwa: kulifikia faili, na kulitia katika kundi litakaloshughulikiwa. Mnunuzi wa maembe hupitisha jicho juu ya mafungu yote, lakini huchagua lile tu analoliweka kikapuni. Hatua ya kwanza yafaa iitwe *kulenga*, na ya pili *kuchagua*.

Katika programu ya mafaili ya Windows, kitufe cha mshale kikibonyezwa peke yake hutenda yote mawili kwa pamoja: hulenga faili linalofuata, hulichagua, na kuondoa uchaguzi uliotangulia. Mshale ukibonyezwa pamoja na Shift, mafaili yanayofuatana huchaguliwa yote. Ctrl pamoja na A huchagua kila kilichomo katika folda. Tofauti hudhihirika mshale unapobonyezwa pamoja na Ctrl: mlengo husogea, bali uchaguzi hubaki ulivyo. Faili lililolengwa tu huzungushiwa mstari mwembamba. Lililochaguliwa hubadilika rangi ya usuli.

Mfano: folda ina mafaili matano yaliyopangwa wima, yaani Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya na Tanga. Mtumiaji anahitaji la kwanza, la tatu na la tano. Abonyeze herufi A, na Arusha litachaguliwa. Kisha ashikilie Ctrl, ateremke kwa mshale mara mbili hadi Kigoma, na abonyeze kitufe cha nafasi ili kulichagua. Afanye vivyo hivyo hadi Tanga. Akiachia Ctrl na kubonyeza mshale tena, uchaguzi wote huo hupotea.

Kwa hiyo agizo lisemalo “nenda kwenye faili kisha ulifute” halijitoshelezi. Kitufe cha Delete hufuta yaliyochaguliwa, wala hakiligusi lililolengwa tu. Kikibonyezwa pamoja na Shift, faili huondolewa bila kupitia pipa la taka. Mwandishi wa maagizo aseme bayana:

*Lenga faili la Mbeya, lichague, kisha ulifute.*

Si: *Fika kwenye Mbeya, kisha ufute.*

Sentensi ya pili humfikisha msomaji mahali, ila haimwambii ni kipi kitakachofutwa.