Mtoto Mkorofi na Mlezi Aliyelemewa

Mtoto wa miaka 10 akianza kutoroka shule, kupiga wenzake au kukojoa kitandani ilhali alishaacha, katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni huulizwa kwanza aadhibiwe vipi. Mimi ningetanguliza swali jingine: anayemlea ana hali gani? Huku kwetu baba mara nyingi yuko Nairobi au Mombasa akitafuta riziki. Mvua za vuli zikikosa, ndengu hukauka shambani, na mama au nyanya hushinda mtoni akifukua mchanga apate maji. Jioni subira imemwishia, na fimbo inayoinuliwa huwa na uchovu wake ndani, si kosa la mtoto tu.

Wapo wanaosema, “Sisi tulichapwa tukawa watu.” Ni kweli wengi wamekuwa watu, lakini walikuwa pia na nyanya, wajomba na majirani waliowatazama kila siku, na fimbo imejitwalia sifa za wote hao. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kati ya mambo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kuchapwa, na yote 13 kwa upande wa madhara, ukali wa mtoto ukiwemo. Msomaji makini atauliza kama si watoto wakorofi ndio wanaochapwa zaidi. Kwa kiasi ndivyo, ila baadhi ya tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka na kuzingatia tabia walizoanza nazo bado zimeona waliochapwa wakizidi kuharibika.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: ushauri wa malezi ni wa wenye nafasi. Jibu lipo Eastern Cape, Afrika Kusini, eneo la vijijini lenye dhiki kama yetu. Lucie Cluver na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya mpango wa wiki 14 wa malezi ya vijana uliopimwa kwa familia 552 na kuendeshwa na wanajamii wenyewe. Walezi walipunguza viboko, na msongo wao na matatizo yao ya akili yakapungua. Ukorofi wa vijana, hata hivyo, haukuwa umepungua ulipopimwa miezi 5 hadi 9 baada ya mpango kwisha. Hilo halifai kufichwa. Kwangu matokeo hayo yanaonyesha kwamba mtu mzima anaweza kubadilika hata katika dhiki, na kwamba anayetarajia mtoto atulie mwezi huohuo atarudia fimbo upesi.

Kwa hiyo kuitibu huzuni ya mlezi ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Makueni ina msingi tayari: taasisi iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei iliwafunza huko wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na waponyaji wa kidini kutambua maradhi ya akili. Mama asiyelala, anayelia bila sababu au asiyeona faida ya kuamka, aende zahanati aseme hivyo waziwazi. Nyumbani, dakika 10 kila siku mtoto achague cha kuzungumza, hata mkichambua maharagwe. Baba aliye mbali apige simu amuulize mtoto siku yake kabla ya kuuliza alama. Na penye kipigo cha kuumiza, nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.