Vipimo ni safi, tumbo bado linauma

Mtu anatoka hospitali na bahasha ya kaki iliyojaa majibu: kipimo cha choo, cha damu, picha ya altrasaundi, pengine hata kipimo cha kamera kilichoshushwa hadi tumboni. Yote safi. Anaambiwa "huna kitu", anarudi nyumbani na maumivu yaleyale, na baada ya siku chache yuko duka la dawa akinunua tena vidonge vya vidonda vya tumbo, ingawa kamera haikuona kidonda chochote. Watu wa namna hii ni wengi mno, na kauli ya "huna kitu" imewaumiza vya kutosha.

Wanachougua wataalamu wamekiita kwa miaka mingi matatizo ya utendaji wa mfumo wa chakula. Hakuna kidonda wala uvimbe. Kasoro iko katika namna utumbo unavyosukuma chakula, unavyohisi, na unavyopashana habari na ubongo. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva wenye seli zaidi ya milioni 100. Mtandao huo ukizidi wepesi wa kuhisi, hata gesi ya kawaida huuma. Humo ndimo walimo wanaoshiba kwa matonge mawili, wanaofunga choo miaka nenda miaka rudi, na wale ambao tumbo huwanyonga, leo kwa kuharisha, kesho kwa choo kigumu.

Ugonjwa usioonekana kwenye mashine huhesabiwaje? Kwa kuwauliza watu. Nchini Marekani, Douglas Drossman na wenzake walipeleka dodoso kwa kaya zilizochaguliwa kuwakilisha taifa zima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: kati ya watu 5,430 waliojibu, asilimia 69 walikuwa na angalau tatizo moja la aina hii. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti mkubwa zaidi, wa watu 73,076 katika nchi 33. Walioulizwa kupitia intaneti, zaidi ya asilimia 40 walikutwa na tatizo. Waliohojiwa nyumbani kwao, zikiwemo kaya za Nigeria na Ghana, walikuwa kama asilimia 21. Mahali pote wanawake walielekea kuathirika zaidi ya wanaume.

Pengo hilo kati ya 40 na 21 halinishangazi. Mama ameketi barazani, mgeni mwenye kishikwambi anamuuliza choo chake kikoje, na mkwewe yuko hatua chache akichambua mchele. Atasema nini? Ndiyo maana naithamini sana chati iliyobuniwa Bristol, Uingereza, yenye michoro saba ya choo, kuanzia namba 1, vigololi vikavu mfano wa mavi ya mbuzi, hadi namba 7, maji matupu. Mtu ananyoosha kidole tu, mdomo haufunguki.

Vigezo navyo vina nguvu yake. Ule ugonjwa wa tumbo kunyonga ulikuwa na wagonjwa kama asilimia 10 ya waliojibu kwenye intaneti, kwa vigezo vya awali vya jopo la Roma, yaani wataalamu wanaopanga vigezo vya kutambua matatizo haya. Vilipotumika vigezo vipya vya 2016, vinavyodai maumivu halisi walau siku moja kwa wiki, idadi ikashuka hadi asilimia 4. Watu walikuwa walewale. Waliobaki nje ya hesabu hawakupona.

Kwa anayedhani haya ni mawazo tu ya mgonjwa, kisa cha Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada, kinatosha. Mei 2000 maji ya bomba yalichafuliwa na bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, saba wakafa. Bakteria waliondoka, maji yakasafishwa. Lakini watafiti waliporudi miaka miwili, mitatu baadaye, zaidi ya robo ya waliougua walikuwa na tumbo la kunyonga, ikilinganishwa na mtu mmoja katika kumi miongoni mwa ambao hawakuugua. Hata baada ya miaka minane, wapo waliokuwa bado wanateseka. Ukitazama mara ngapi maji machafu hutuharisha huku kwetu, kisa hicho kinatuhusu moja kwa moja.

Hata hivyo, mtu asijipachike jina hili mwenyewe. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, maumivu yaliyoanza uzeeni, au chakula kukwama wakati wa kumeza, vyote vinataka uchunguzi wa haraka. Saratani ya umio ipo kwa wingi Afrika Mashariki, na kukwama kwa chakula ni dalili yake.

Katika zile nchi 33, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hazimo. Si kwamba hatuna wadodosi. Wale wa utafiti wa kitaifa wa afya ya kaya hubisha hodi vijijini na mijini, na mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano huulizwa kama mwanawe aliharisha katika wiki mbili zilizopita. Waongeze maswali matatu, manne kuhusu tumbo la mama mwenyewe, na wabebe ile chati ya michoro saba.