Kura ya Makerere na mfuko wa mzazi mfanyabiashara

Mfanyabiashara wa Busia, Malaba au Mutukula anayesomesha mtoto Makerere, mara nyingi husikia habari za uchaguzi wa wanafunzi pale vurugu zinapotokea. Julai 2022 mwanafunzi mmoja aliuawa wakati wa kampeni jijini Kampala, na chuo kikasimamisha uchaguzi.

Hata hivyo, nyuma ya mabango na kelele kuna hoja zinazomgusa mzazi. Ya kwanza ni ada. Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana kupinga mpango wa kuongeza ada kwa asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano, na askari wakaingia hadi mabwenini. Ya pili ni usalama na bei ya vyumba vya kupanga nje ya chuo. Kwa wanafunzi wa uzamili kuna ya tatu: msimamizi akichelewa kusoma tasnifu, muda wa masomo hurefuka, na gharama nazo hupanda.

Kutoka nchi jirani si sababu ya kukaa pembeni. Mwai Kibaki, Mkenya, alikuwa makamu mwenyekiti wa chama cha wanafunzi Makerere miaka ya 1950. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu.

Basi kabla ya kutuma ada ya muhula, muulize mwanao: mgombea gani ameeleza atakavyoijadili ada hiyo na uongozi wa chuo? Na wewe umempa nani kura?