Pauni 30 za Mwanagenzi Rivoire

Mwaka 1722 alifariki John Coney, sonara mkubwa wa Boston katika enzi zake. Mali yake ikakadiriwa kwa ajili ya mirathi, na kila chenye thamani kikaandikwa. Humo katika orodha wakadiriaji wakaandika pia muda wa binadamu: mwanagenzi Paul Rivoire alikuwa amebakiza kama miaka 3 na nusu ya mkataba wake, na muda huo ukathaminiwa pauni 30. Hesabu zilizofuata zinaonyesha kuwa kwa muda huo zililipwa pauni 10 zaidi ya makadirio. Wanahistoria husoma hapo kwamba kijana alijikomboa kwa pauni 40.

Kijana huyo ndiye aliyemzaa Paul Revere, sonara anayekumbukwa Marekani kwa safari yake ya farasi usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, alipokwenda kuwatahadharisha wenzake kwamba askari wa Uingereza wako njiani. Mwana ana sanamu na nyumba yake ni makumbusho. Ujana wa baba huko Boston tunauona kupitia hesabu za mirathi ya mtu mwingine.

Ndiyo maana anayetafuta ukoo wa fundi wa zamani asiishie kwenye vitabu vya ubatizo. Fundi asiye na cheo huandikwa pale panapohesabiwa fedha: katika mikataba ya uanagenzi, wosia, orodha za mali ya marehemu na kesi za madeni. Hapo karani hana sababu ya kumsifu wala kumficha.

Kwa akina Rivoire, vitabu vya kanisa vilikuwa na kasoro nyingine nzito. Walikuwa Waprotestanti wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa Bordeaux. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta amri iliyokuwa ikiwalinda. Mahekalu yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa, na tangu hapo padre Mkatoliki ndiye aliyeandikisha vizazi na ndoa. Familia nyingi zikajiandikia zenyewe. Isaac Rivoire aliweka kumbukumbu kwamba mwanawe Apollos alizaliwa tarehe 30 Novemba 1702. Mvulana huyo alipofikia umri wa kujifunza kazi alipelekwa kwanza kisiwani Guernsey, alikokuwa na ami yake, kisha akavushwa bahari hadi Boston.

Huko Apollos akawa Paul, na Rivoire, baada ya kuandikwa hivi na vile, ikawa Revere. Mtafutaji anayeshikilia tahajia moja atampoteza mtu huyu katikati ya Atlantiki.

Kalenda nayo ina mtego wake. Paul Revere mwana alibatizwa tarehe 22 Desemba 1734 kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza, iliyokuwa nyuma kwa siku 11. Kwa kalenda ya leo, hiyo ni tarehe 2 Januari 1735. Makoloni ya Uingereza yalibadili kalenda mwaka 1752, kwa hiyo vitabu viwili vinaweza kumpa mtu mmoja miaka miwili ya kuzaliwa, na vyote vikawa sahihi.

Je, vyombo vya fedha vyenyewe havisemi? London kulikuwa na ukaguzi wa madini ya fedha, na chombo kiligongwa herufi ya mwaka. Boston hakukuwa na utaratibu huo. Sonara aligonga alama ya jina lake tu. Na jina hapa ni tatizo, kwa sababu baba, mwana na mjukuu wote waliitwa Paul Revere na wote walikuwa masonara. Birika lenye jina hilo halitoshi kumtaja aliyelifua, na wauzaji wanaoharakisha kumtaja huniudhi.

Msaada mkubwa unatoka kwenye daftari za karakana za Revere mwana, zinazoanzia mwaka 1761 hadi 1797. Ameandika mteja, kazi na bei, hata mnyororo wa fedha wa kumfungia kindi aliyefugwa. Kwa kuwa wateja wengi walikuwa ndugu, majirani na marafiki zake wa siasa, daftari hizo zinaonyesha pia nani alikuwa karibu na nani. Ukoo wenyewe ulikuwa mkubwa: Revere alipata watoto 16, wanane kwa Sarah Orne na wanane kwa Rachel Walker, aliyemwoa mwaka 1773 baada ya Sarah kufariki. Anayedai kutoka katika uzao huo sharti amtaje mama pia.

Revere mwenyewe aliutafuta ukoo wake. Aliandikiana barua na John Rivoire wa Guernsey na Mathias Rivoire wa Ufaransa, jamaa wa baba yake ambao hakuwahi kuwaona. Barua na daftari hizo zimo katika nyaraka za familia ya Revere zilizohifadhiwa na Massachusetts Historical Society mjini Boston.